Matunzo ni Haki, Kinga ni Hiari: Mizigo Miwili ya Halmashauri za England

Kila Februari madiwani wa England hukaa kupitisha bajeti ya mwaka unaoanza Aprili, na sheria haiwaruhusu kupitisha bajeti yenye pengo. Serikali kuu inaweza kukopa ili ilipe mishahara, halmashauri haiwezi. Sehemu kubwa ya fedha huwa imekwisha kupangiwa kazi kabla diwani hajafungua mdomo. Kuna wazee wa kuogeshwa na kulishwa, kuna watu wazima wenye ulemavu wa akili wanaohitaji mtu wa kukaa nao usiku na mchana, kuna watoto wanaolelewa nje ya familia zao. Wote hao wana haki mbele ya sheria na wanaweza kuidai mahakamani. Kinachogombaniwa ni makombo: maktaba, bustani, basi la kijijini, klabu ya vijana, ukumbi ambapo wazee hukutana Jumatano kula pamoja.

Nadhani makombo hayo ndiyo yanayoamua mtu atafika uzeeni akiwa na nguvu au akiwa hoi. Halmashauri za England zimepewa kazi mbili zilizo ndugu, kuwatunza waliokwisha kuelemewa na kuwakinga ambao bado, lakini ya kwanza imefungwa kwa haki na ya pili imeachiwa uwezo wa mfuko. Mfuko ukipungua, kazi moja huila nyingine, na mwaka unaofuata wanaohitaji kutunzwa huwa wameongezeka. Hapa nazungumzia England peke yake, maana Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Msomaji aliye Mombasa au Mwanza husikia kwamba Uingereza matibabu ni bure, akadhani na mzee wa huko hutunzwa bure. Sivyo. Mwenye saratani hulazwa, hupasuliwa na kupewa dawa hospitalini bila kuulizwa ana akiba kiasi gani. Mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambaye anachohitaji zaidi ni mtu wa kumvisha, kumlisha na kumzuia asitoke usiku wa manane akapotea, huambiwa kwamba hiyo si tiba bali ni matunzo, na matunzo yana bei. Wagonjwa wote wawili hawakujitakia. Mstari uliowatenganisha ulichorwa tarehe 5 Julai 1948, siku ambayo sheria mbili zilianza kazi pamoja. Moja ilianzisha huduma ya taifa ya afya, NHS, iliyo bure kwa wote. Nyingine ilizika mabaki ya sheria ya kale ya maskini na kuzipa halmashauri jukumu la kuwahifadhi wazee na walemavu, kila mmoja akichangia kulingana na alichonacho. Mwaka ule watu walioishi hadi miaka 85 walikuwa wachache, na mabinti na wakwe wengi walikuwa nyumbani. Hesabu hiyo imebadilika kabisa, lakini mstari uko palepale.

Afya ya jamii ni kazi ya zamani zaidi. Liverpool ilimteua Dkt. William Henry Duncan mwaka 1847 kuwa ofisa wa afya wa mji, wa kwanza nchini, wakati ambapo watu walikuwa wakifa kwa kipindupindu na homa ya chawa katika vyumba vya chini visivyopitisha hewa. Waliofuata nyayo zake walipigania mabomba ya maji safi, mifereji ya majitaka, nyumba zenye madirisha, uchukuaji taka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa dawa. Mwaka 1974 kazi hiyo iling'olewa kutoka halmashauri ikapelekwa chini ya NHS, ikakaa huko karibu miaka 40, kisha ikarudishwa tarehe 1 Aprili 2013. Tangu hapo kila halmashauri kubwa lazima iwe na Mkurugenzi wa Afya ya Jamii, ambaye kila mwaka huandika ripoti kwa uhuru wake na halmashauri hulazimika kuichapisha. Kwenye karatasi, mpango huo ni mzuri. Anayejua kwa nini watu wa mtaa fulani wanaugua amekaa jengo moja na anayelipia matunzo yao wakishaugua.

Halmashauri zenye jukumu la matunzo ya watu wazima ni 153, na kila mwaka hupokea maombi mapya takriban milioni 2. Tuchukue ombi moja. Mama wa miaka 81 ameanguka jikoni, amevunjika nyonga, ametoka hospitali anatembea kwa gongo. Afisa ustawi wa jamii anakwenda nyumbani kwake na mambo kumi ya kuuliza, yaliyowekwa chini ya Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014. Je, anaweza kujiandalia chakula akala? Anaweza kuoga? Kwenda chooni? Kuvaa nguo zinazofaa? Kukaa nyumbani kwake bila hatari? Kuiweka nyumba katika hali ya kukalika? Kuonana na ndugu na marafiki? Kufanya kazi, kujitolea au kusoma? Kutumia basi, duka na kliniki za mtaani? Kulea mtoto, kama anaye? Akishindwa mawili au zaidi kwa sababu ya maradhi au ulemavu, na kushindwa huko kukamwathiri kwa kiasi kikubwa, haki yake imethibitika. Kuna busara katika sheria hii: mama akiweza kuvaa mwenyewe lakini kwa maumivu makali, au kwa muda mrefu kupita kiasi, anahesabiwa kuwa ameshindwa. Na jambo la ndugu na marafiki limewekwa safu moja na choo na chakula. Walioiandika walijua upweke ni nini.

Baada ya hapo inakuja karatasi ya pili, ya fedha. Mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 hujilipia yote. Aliye chini ya pauni 14,250 huchangia kutoka kwenye kipato chake tu, kama pensheni. Aliye katikati huhesabiwa kuwa ana kipato cha ziada cha pauni moja kwa wiki kwa kila pauni 250 zilizozidi kiwango cha chini. Viwango hivyo havijaguswa tangu mwaka 2010, ingawa bei ya kila kitu imepanda, kwa hiyo kila mwaka wanaosukumwa kujilipia wanaongezeka bila Bunge kupiga kura yoyote. Mama akitunzwa nyumbani kwake, nyumba haihesabiwi kuwa mali. Akihamia moja kwa moja kwenye makao ya wazee, na hakuna mume au jamaa wa aina fulani anayebaki humo, inahesabiwa. Makao hayo hugharimu zaidi ya pauni 1,000 kwa wiki katika maeneo mengi. Familia ambayo baba alilipa mkopo wa nyumba kwa miaka 25 huona nyumba ile ikiyeyuka kwa miaka minne.

Wanasiasa wanalijua hilo fika. Tume ya Andrew Dilnot ilipendekeza mwaka 2011 kuwe na kikomo cha kiasi ambacho mtu atatozwa maisha yake yote. Bunge likakiweka kwenye sheria ya 2014, utekelezaji ukaahirishwa. Serikali ya Boris Johnson ikatangaza kikomo cha pauni 86,000 kuanzia Oktoba 2023, kikasogezwa hadi Oktoba 2025. Julai 2024 waziri wa fedha wa serikali mpya, Rachel Reeves, akakifuta. Vyama vyote vikubwa vimeshika kalamu hiyo kwa zamu, na vyote vimeiweka chini.

Halmashauri yenyewe siku hizi ni mnunuzi zaidi kuliko mtoa huduma. Tangu miaka ya 1990 sehemu kubwa ya matunzo imenunuliwa kutoka kampuni binafsi na mashirika ya hisani, na halmashauri iliyobanwa hununua kwa bei ya chini. Mamlaka ya ushindani ilichunguza soko hilo mwaka 2017 ikakuta kwamba, ndani ya makao yaleyale, anayejilipia alitozwa kwa wastani asilimia 41 zaidi ya anayelipiwa na halmashauri. Maana yake mzee mwenye akiba kidogo hulipa kodi ya halmashauri mara mbili, ya pili bila risiti. Hatari nyingine ilionekana 2011 kampuni ya Southern Cross ilipoanguka. Ilikuwa na makao takriban 750 na wakazi wapatao 31,000. Majengo yake yalikuwa yameuzwa kisha kupangishwa tena kwa kodi inayopanda kila mwaka, huku halmashauri zikibana malipo na vitanda vikibaki vitupu. Halmashauri zilihangaika kuhakikisha hakuna mzee anayeamka na kukuta mlango umefungwa.

Bei hiyo ya chini humfikia mtu wa mwisho kwenye mnyororo, mtunzaji, na hapa Waswahili tunaingia moja kwa moja. Waulize Wakenya, Watanzania na Waganda walioko Leicester, Reading au Milton Keynes. Wengi wao wamewahi kufanya kazi ya wazee, na kwa wengine ndiyo iliyosomesha wadogo zao nyumbani. Ziara ya asubuhi ya nusu saa huenda hivi. Mtunzaji hufika, hubonyeza tarakimu za kisanduku cha ufunguo kilichopigiliwa ukutani, huingia akiita jina ili asimshtue mzee. Husajili kwenye simu kwamba amefika. Humwinua mzee kitandani, humpeleka chooni, humsafisha, humpaka mafuta sehemu zinazochubuka, humvisha, humwandalia chai na mkate, humpa vidonge kutoka kwenye paketi yenye vijumba vya siku na saa, huandika alichofanya, husajili kutoka. Mzee akitaka kusimulia ndoto aliyoota, dakika hazipo. Nyumba inayofuata iko maili kadhaa mbele, na katika kampuni nyingi muda wa njiani haulipwi ipasavyo, hivyo mtu huwa nje ya kwake saa kumi na mbili akalipwa nane. Ujira wenyewe huzungukia kima cha chini cha kisheria, ambacho Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Duka kubwa la vyakula hulipa kiasi hicho au zaidi kwa kupanga makopo.

Si ajabu kwamba mwaka 2021/22 nafasi 165,000 zilikuwa wazi, karibu moja katika kila kumi. Serikali ilifungua mlango wa viza kwa watunzaji kutoka nje Februari 2022, na pengo likapungua. Lakini mlango huo ulifunguliwa bila mlinzi. Watu waliuza mashamba na kukopa kwa jamaa ili kuwalipa mawakala, wakafika wakakuta mwajiri hana saa za kuwapa, na viza yao imefungwa kwa mwajiri huyohuyo. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni za waajiri zaidi ya 470 katika sekta hii. Machi 2024 watunzaji wapya walikatazwa kuja na wenzi na watoto, na tarehe 22 Julai 2025 maombi mapya kutoka nje yakafungwa. Aliyedhulumiwa akabaki na deni, na halmashauri ikabaki na bei ileile iliyosababisha uhaba. Halmashauri ndiyo mnunuzi mkubwa. Ingeweza kuandika kwenye mkataba kwamba haitalipa kampuni isiyolipa muda wa njiani. Baadhi hufanya hivyo. Nyingi huogopa kwamba bei ya haki itapunguza idadi ya wazee wanaoweza kuhudumiwa, na woga huo una msingi.

Na nje ya mikataba yote hiyo kuna jeshi lisilolipwa. Sensa ya 2021 ilihesabu watu takriban milioni 4.7 England wanaomtunza mtu bila ujira: mke, mtoto, jirani. Anayetunza kwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kupata posho ya serikali, ambayo mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 83.30. Gawanya mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kinga. Fedha za afya ya jamii hutoka serikali kuu kama ruzuku iliyofungiwa matumizi yake, kiasi ambacho mwaka 2025/26 hakikufika pauni bilioni 4 kwa England nzima, wakati matunzo ya watu wazima hula zaidi ya bilioni 20. Ruzuku hiyo hulipia kliniki za magonjwa ya zinaa, tiba ya walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, msaada wa kuacha sigara, wauguzi wanaotembelea watoto wachanga, upimaji wa uzito wa wanafunzi, na uchunguzi wa afya kila miaka mitano kwa watu wa umri wa miaka 40 hadi 74. Tangu 2015/16 thamani yake halisi kwa kila mkazi imepungua kwa takriban robo. Hilo hulalamikiwa sana, na ni sawa.

Lakini ukiishia kwenye ruzuku utakuwa umetazama mlango usio sahihi. Mwanamke wa miaka 70 anayetembea hadi maktaba, akapanda basi kwenda sokoni, akapita njia ya miguu isiyo na mashimo, akacheza dansi ukumbini na wenzake, anajengewa mifupa na akili na vitu ambavyo havimo katika ruzuku ya afya. Vimo katika makombo ya Februari. Northamptonshire ilionyesha hili waziwazi. Mwaka 2018 fedha zilipoiishia, kaunti hiyo ilipanga kufunga maktaba 21 kati ya 36. Wazazi na wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na Agosti mwaka huohuo uamuzi ukatenguliwa kwa sababu ya namna ulivyofanywa. Hukumu hiyo haikuleta hata pauni moja. Vivyo hivyo vituo vya watoto wachanga na wazazi vya Sure Start, vilivyoanza 1999 na kufikia takriban 3,600 mwaka 2010, vilikatwa au kufungwa kwa wingi miaka iliyofuata. Taasisi ya Uchunguzi wa Kodi na Bajeti ilipofuatilia takwimu baadaye ilikuta kwamba watoto waliokulia karibu na vituo hivyo walilazwa hospitalini mara chache zaidi walipofika ujana. Faida ilikuja, ila ilikuja wakati milango imekwisha kufungwa.

Kuhusu wapi fedha zaidi zitoke, mwaka 2016 serikali kuu iliziruhusu halmashauri kuongeza asilimia 2 kwenye kodi ya halmashauri kwa ajili ya matunzo, na imeruhusu nyongeza za aina hiyo tangu wakati huo. Kodi yenyewe hupimwa kwa thamani ya nyumba ilivyokuwa Aprili 1991. Asilimia 2 ya nyumba za Surrey na asilimia 2 ya nyumba za Blackpool ni vitu viwili tofauti, na wanaohitaji msaada wa halmashauri wamejaa zaidi Blackpool.

Blackpool inastahili kutazamwa kwa karibu. Ulikuwa mji wa mapumziko wa wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini, wenye nyumba nyingi za wageni karibu na ufukwe. Watu walipoanza kupanda ndege kwenda Hispania, wenye nyumba hizo walizikatakata vikawa vyumba vya kupangisha kwa wiki. Vyumba vya bei rahisi vikawavuta watu waliovunjika sehemu nyingine, wagonjwa, wasio na kazi, waliotengana na familia. Leo mwanamume anayezaliwa Blackpool hutarajiwa kuishi miaka takriban 73. Anayezaliwa wilaya ya Hart, Hampshire, zaidi ya 83. Mkurugenzi wa afya ya jamii wa mji kama huo anaweza kusambaza vipeperushi vya sigara mpaka achoke. Ugonjwa umo chumbani, kwenye unyevu wa ukuta, kwenye kodi inayolipwa kwa mwenye nyumba asiyetengeneza paa. Halmashauri ililielewa hilo ikaanzisha kampuni yake ya nyumba inayonunua majengo hayo chakavu na kuyageuza kuwa makazi ya heshima. Duncan wa Liverpool angeitambua kazi hiyo mara moja.

Janga la korona lilionyesha gharama ya kutenganisha mikono. Kati ya tarehe 17 Machi na 15 Aprili 2020 wagonjwa wapatao 25,000 walitolewa hospitalini wakapelekwa kwenye makao ya wazee, wengi bila kupimwa. Hospitali zilikuwa zinajihami. Makao yalionekana kama stoo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba sera hiyo haikuwa halali. Upande wa pili, simu za kuwafuatilia walioambukizwa na waliokutana nao, zilizopigwa kutoka vituo vya kitaifa, ziliposhindwa kuwapata watu, halmashauri kama Sandwell na Blackburn with Darwen ziliwatuma watumishi wao wanaojua mitaa na lugha za wakazi. Waliwapata wengi ambao simu za taifa zilikuwa zimewakosa.

Je, yupo aliyefanya vizuri ndani ya umaskini huohuo? Wigan, mji wa zamani wa makaa ya mawe, kuanzia mwaka 2011 iliamua kufanya makubaliano na wakazi wake: halmashauri itaizuia kodi isipande, wakazi watabeba sehemu ya kazi. Wafanyakazi walifundishwa kuanza mazungumzo kwa kumwuliza mtu anapenda nini, ana marafiki gani, alikuwa akifanya nini kabla hajaugua, badala ya kuanza na orodha ya anachoshindwa. Vikundi vya mtaani vikapewa fedha za kuanzia. Mzee aliyependa njiwa akaunganishwa na wafuga njiwa wenzake badala ya kupelekwa kituo cha mchana kukaa kwenye kiti. Taasisi ya King's Fund iliichunguza kazi hiyo ikatoa ripoti mwaka 2019 iliyosifu matokeo. Nami naisifu, kwa tahadhari moja: Wigan ilichagua mapema, ikashika njia moja kwa miaka mingi chini ya uongozi uliodumu. Halmashauri inayoiga maneno yake mwaka wa dharura, ili ipunguze saa za matunzo, inamwambia mzee "tumia majirani zako" huku imeshauza ukumbi wa majirani hao.

Sheria ya Matunzo, kifungu cha 2, tayari inaziagiza halmashauri kuzuia na kuchelewesha uhitaji. Tatizo ni kwamba kifungu hicho hakina kipimo. Mama wa miaka 81 anaweza kudai saa zake za kuogeshwa, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba miaka sita iliyopita angepaswa kuwekewa chuma cha kushikia ngazini. Katika maeneo yenye ngazi mbili za utawala, hata chuma hicho kina safari yake: tathmini hufanywa na kaunti, ruzuku ya marekebisho ya nyumba, inayofika hadi pauni 30,000, hutolewa na wilaya, na ofisi hizo mbili zina mabosi, bajeti na foleni tofauti. Mama huanguka akiwa kwenye foleni ya pili. Kisha hulala hospitalini akiwa amepona, akisubiri mtunzaji wa kumpokea nyumbani. Wakati wa baridi wagonjwa wa aina hiyo hupita 10,000 kwa siku moja nchini kote.

Serikali imetangaza kuziunganisha wilaya na kaunti katika maeneo 21, na nyingi kati ya halmashauri mpya zinatarajiwa kuanza kazi mwaka 2028. Mwaka huohuo ndio uliopangiwa ripoti ya mwisho ya tume ya Louise Casey kuhusu matunzo, baada ya ile ya awali ya 2026. Kuunganisha ofisi hakutaongeza fedha, na kunaweza kuwapotezea watumishi miaka miwili ya vikao vya nani akae kiti gani. Lakini kwa mara ya kwanza katika kaunti hizo, ofisi ya nyumba na ofisi ya matunzo zitakuwa chini ya mkurugenzi mkuu mmoja. Ningependa Casey aanzie hapo, kwenye chuma cha ngazini na unyevu wa ukuta, kabla hajafika kwenye swali la nani alipe makao ya wazee, kwa sababu idadi ya wanaofika kwenye makao hayo inaamuliwa huko.